Kwa Kaka Yangu wa Houston, Gesi Bwete

Kaka Lameki,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu unaistahili.

Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Zile za faragha umezisoma zote, alama za buluu naziona, na zote umezijibu kwa kidole gumba. Nilipokuandikia kwamba mama ameanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake, kidole gumba. Nilipokuandikia kwamba ametoka nje na utepe wa kupimia shingoni, akaenda kusimama kwenye maegesho ya magari ya hapa kwetu Grand Prairie akingoja wateja wa nguo, ukaongeza na viganja vya sala. Asante sana kwa viganja. Sasa nakuandikia mbele ya watu, wale wa Houston na wa huku Dallas wanaokukalisha meza ya mbele kila penye shughuli, ili ukisoma ukanyamaza, wao nao wajue kwamba umesoma.

Jambo lenyewe ni moja. Mama anakusahau.

Sisi wengine ameshatusahau. Mimi ninayemwogesha na kumsuka ni "yule dada mwema." Mwanangu Upendo ni "mtoto wa jirani," na amechoka kumwambia "Bibi, it's me," siku hizi anaitika tu. Umebaki wewe peke yako, wewe usiyekanyaga hapa, na umebaki kwa kitu kidogo mno: ule mstari wa tatu wa jedwali la elementi uliokuwa ukiukariri nyumbani Morogoro. Mama akiupoteza ule mstari, amekupoteza na wewe. Kutoka kwako hadi kwangu ni saa nne za ku-drive, barabara moja, unawasha gari na kunyoosha mguu. Nataka uje kabla haujapotea.

Unaikumbuka cherehani? Najua unaikumbuka, maana huwa unaitaja kwenye hotuba zako. Mama alikuwa akishonea pale barazani Kihonda, na wewe, kidato cha tatu, umekaa nyuma yake unakariri kwa sauti kwa sababu mwalimu wenu alikuwa hacheki na mtu. Sodiamu, magnesiamu, alumini, silikoni, fosforasi, salfa, klorini. Mama aliishia darasa la saba, lakini sikio lake lilikuwa kali, na maneno yale yaliingia sawasawa na mwendo wa pedeli. Aliushika mstari kabla yako. Ukikosea alikusahihisha bila kugeuka: "Rudi nyuma, umeruka fosforasi."

La nane ndilo lililoleta balaa. Siku ya kwanza ulipolitamka, cherehani ilisimama. Mama akageuka taratibu.

"Umesema nini?"

"Agoni, mama."

Yeye alisikia ugoni. Mtoto wake wa kiume, ndevu hazijaota, mchana kweupe, mke wa katekista yuko ndani anajaribu gauni, anatangaza ugoni barazani! Kandambili ilimtoka mguuni sijui saa ngapi, nilisikia tu inalia mgongoni kwako. "Mambo ya kulala na wake za watu ndiyo mnafundishwa shuleni?" Ukajitetea huku unakimbia kuzunguka mpapai kwamba hiyo ni gesi, mama, ni gesi tu. "Iwe gesi, iwe mafuta ya taa, nyumbani kwangu halitajwi!" Basi nyumbani kwetu mstari wa tatu ukaishia klorini. Mpaka leo mimi ni mwalimu wa kemia, nawafundisha watoto wa Texas wasiojua Morogoro iko bara gani, na nikifika klorini ulimi unasita kwanza ndipo unaendelea.

Wewe, kwa majivuno uliyozaliwa nayo, hilo lisilotajwa ukalichukua likawa lako.

Ulitupanga wote, unakumbuka? Mimi ukanipa sodiamu. Ulisema ana elektroni moja tu ya nje na hata hiyo hawezi kuitunza, anamgawia yeyote anayepita, na ukimtia maji tu analipuka. Baba, aliyekuwa ameshatutoka, akawa magnesiamu: mwanga mkali, halafu majivu meupe. Mama ukampa alumini. Alipokuuliza kwa nini, ukasema ni kwa sababu ya masufuria, naye akacheka, akasema hilo sufuria ndilo linalokulisha. Sababu yenyewe hukumwambia, na sidhani kama uliijua. Alumini si mpole kama anavyoonekana. Ni mkali vizuri tu, ila hewa ikimgusa anajivika ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo ndiyo inayomzuia asiliwe. Mimi naijua ile ngozi, kwa sababu sasa imechubuka na naishi na kilichomo ndani.

Mjomba alikuwa silikoni, mtu wa katikati, hatoi wala hanyang'anyi, kwake kila kitu ni kushirikiana. Jirani wa huku fosforasi, wa kufichwa ndani ya maji asije akawaka mwenyewe. Jirani wa kule salfa, moto wa buluu na harufu ya kukohoza mtaa mzima. Shangazi klorini, anayeingia mikono mitupu akatoka na kitu cha mtu. Halafu wewe. Ukasimama pale barazani, ukanyoosha kola ya shati la shule, ukatoa mhadhara: wa kushoto wanagawa, wa kulia wananyakua, wa mwisho hahitaji mtu. Ganda lake limejaa. Waingereza wanaziita gesi za kifalme, ukasema, kwa sababu hazichanganyiki ovyo na watu.

Mama alikuwa anavuta uzi kwa meno. "Hatoi?"

"Hatoi."

"Hapokei?"

"Hapokei."

"Basi huyo si mfalme. Huyo kakaa bwete."

Ulinuna mpaka ugali ukapoa. Nimekuja kusoma ukubwani, chuo kikuu, kwamba jina lenyewe hilo la agoni limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni mvivu, asiyefanya kazi. Na katika Kiswahili wako wanaoziita gesi bwete. Bwete, Lameki. Siku niliyoliona hilo neno limepigwa chapa nilicheka peke yangu maktaba mpaka nikatolewa nje.

Tena kuna lile beseni. Ulichomoa kipande cha sodiamu maabara ya shule, ukakileta nyumbani kwenye kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, ukaniita nije nione maajabu. Maji yalikuwa tayari, beseni la mama, na ndani yake ameloweka lesi ya bibi harusi. Hukuangalia. Ukakitumbukiza. Kikakimbia juu ya maji kinazomea, kikawa duara, kikapasuka paa! Mimi nikapiga kelele za furaha, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Mama akatoka ndani. Akanikuta mimi katikati ya ua, mdomo wazi, na lesi ina tundu la ukubwa wa kiganja. Wewe ulikuwa umesharudi nyuma hadi mlangoni, mikono mfukoni.

"Nani kafanya hivi?"

Nilikutazama. Wewe uliitazama lesi. Nikachapwa mimi. Baadaye ulikuja pale nilipokuwa nalia ukaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa somo, "Sodiamu ndiye anayelaumiwa siku zote, kwa sababu ndiye anayepiga kelele." Nilikuwa mdogo, nikaona ni maneno ya busara. Leo nayaona ni maneno ya kijana mwoga aliyesoma kitabu kimoja.

Sitakuonea. Hukuzaliwa hivyo, na wala ule mstari hauendi hivyo. Wanafunzi wangu kila mwaka wanakosea hapohapo: wanadhani ukali unashuka moja kwa moja kutoka sodiamu hadi agoni, kama ngazi. Haushuki hivyo. Unaanza juu kwa wagawaji, unapoa hadi silikoni, kisha unapanda tena kwa wanyakuzi, na klorini ni mkali kuliko wengi. Baada ya klorini ndipo unakatika ghafla kama umeme. Wewe nawe ulikuwa na wakati wako wa ukali. Ulikuwa klorini, tena hodari. Chakula cha kwanza chako, taa yako, kitanda cha dirishani chako. Mimi nilikatiza shule nikakaa cherehani na mama, natia vifungo na kukunja pindo, ili wewe umalize. Nikarudi darasani baadaye na watoto wanaoniita shangazi.

Sasa nikufundishe kitu ambacho pengine kwenye hicho kiwanda chenu cha kemikali mmekisahau. Klorini akishanyakua elektroni moja tu, ganda lake la nje linakuwa sawasawa na la agoni. Huwezi kuwatofautisha kwa ganda. Huo ndio ufalme wako. Na elektroni ile nani aliyempa? Sodiamu, Lameki. Umejaa changu, halafu unaniambia huhitaji mtu.

Kwa Gulfton, ule mtaa wako wa mwanzo Houston, nitakupa haki yako, maana nimeahidi sitakuonea. Nilipofika Houston, wiki ya kwanza ile, tulikaa wote kwenye lile ghorofa lenye ngazi za chuma, majirani wanapika na milango wazi, Kihispania juu, Kiswahili cha Kongo chini. Asubuhi ulinisindikiza hadi kituo cha basi ukiwa umeshavaa ovaroli ya kazini, ukanishikilia mkoba, ukalirudia jina la kituo changu cha kushukia mpaka nikalitamka. Basi likija ulimwambia dereva aniangalie. Yule ndiye kaka yangu, nilimpenda sana, na simjui alikoenda.

Kwa sababu baada ya pale ulipandishwa cheo, ukapata kitambulisho chenye kamba ya rangi nyingine, ukahamia kule kwenye nyumba zinazofanana zote. Mama alipokuja Marekani alishukia kwako. Ulitutumia picha ya "chumba cha mama," maua mezani, shuka za kukunjwa kona. Nilikuja kumtembelea nikakuta mashine yako ya kukimbilia katikati ya chumba cha mama, mama amelala ubavu ili asiiguse. Alipoanza kusahau kuzima jiko, ukamleta kwangu Grand Prairie na sanduku lake. "Wiki mbili tu, dada, kazi zimenibana." Wiki mbili hizo bado hazijaisha.

Na hotuba? Tuzungumze hotuba. Siku ya akina mama ulisimama kanisani huko kwenu ukazungumza habari ya kuwaenzi wazazi. Nilitumiwa video na watu wasiopungua kumi, kila mmoja ameandika "kaka yako kanitoa machozi." Niliifungua nikiwa nimemkalisha mama kwenye kiti cha bafuni, povu kichwani. Nikamsikilizisha. Ulikuwa unaeleza jinsi sauti ya cherehani ilivyokufanya kuwa mtu. Mama akainua kichwa, povu linashuka machoni, akasema, "Huyu kijana anaongea vizuri. Mama yake yuko hai?" Nikamwambia ndiyo. "Ana bahati," akasema. Niliosha lile povu, nikazima simu, nikakudharau kwa utulivu kabisa.

Mbuzi wa DeSoto je? Ulidhani sijui. Njeri, yule rafiki yangu Mkenya, nesi, huwa anakuja kukaa na mama nikiwa na vikao vya shule. Jumamosi moja akanipigia kutoka kwenye sherehe kwa jirani yake.

"Wewe, si ulisema brother yako ako Houston? Mbona namwona hapa, ako na shati nyeupe, anapewa mbuzi na anaongea mambo ya leadership?"

Kutoka DeSoto hadi kwangu hata nusu saa haifiki. Nikakupigia. Nilitaka nikupe nafasi, unaelewa? Nilikuuliza kwa upole, "Uko wapi, kaka?"

"Niko plant, dada. Kuna shutdown kubwa, mitambo yote tumezima, nita-call baadaye."

Nyuma yako mwanamume alikuwa anauliza nani bado hajapata mutura, ule utumbo wa mbuzi wa kujazwa nyama na damu. Shutdown ya mutura! Nikakutakia kazi njema. Nikamgeukia mama nikamwambia Lameki anakusalimia, maana wakati ule jina lako lilikuwa bado linamfanya anyooshe mgongo. Umenifanya niwe mwongo kwa mama yangu, kwa mdomo ule ule anaouamini akimeza dawa.

Shuleni kwangu, ukuta mmoja na maabara yangu, kuna karakana ya kufundishia uchomeleaji wa vyuma. Mtungi wa agoni umefungwa mnyororo pembeni. Siku moja nilipita nikasimama kutazama. Chuma kikishayeyuka, hewa ikikigusa kinaharibika, kwa hiyo agoni inapulizwa pale juu kukizingira. Haifanyi kingine. Haiwaki, haiungani na chuma, haitoi, haipokei. Inakuwepo tu mpaka kidonda cha chuma kipoe. Kumbe hata gesi bwete ina kazi, na kazi yake ni kuwepo. Wewe hata hiyo imekushinda. Miaka yote nimekuita Agoni kwa kukutukana, na siku ile nikaona ninayemtukana ni agoni.

Nikueleze sasa jinsi mama anavyokukumbuka, ili ujue ulicho nacho. Asubuhi nikimchana nywele huwa namwanzishia, "Sodiamu." Yeye anainua mkono na kukunja vidole, kimoja kimoja. Magnesiamu, anatikisa kichwa kidogo, labda baba anapita. Alumini. Silikoni. Hana haja ya kufikiri, miguu yake chini ya kiti inakanyaga pedeli ambayo haipo. Anafika klorini, anasimama. Hapo namuuliza, "Na wa mwisho, mama?" Anaangalia kushoto na kulia kama kuna watoto. Anashusha sauti. "Huyo hatajwi. Huyo yuko Houston." Halafu anatabasamu. Tabasamu lile sijawahi kupewa mimi, Lameki, mimi niliye na kitana mkononi. Nililala na wivu wake na nikaamka nikamwanzishia tena, kila asubuhi, ili usipotee. Nimekutunza kichwani mwa mama yangu bila wewe kunishukuru.

Nilifika hapa kuandika jana Jumamosi, barua nikaiacha mezani. Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kukuomba. Nilishayachagua na maneno ya upole, yale ya kuombea watu wakubwa: tafadhali kaka, nakusihi kaka, fanya hima.

Leo tumetoka ibadani, nimempikia ndizi na nyama, amekula vizuri. Upendo alikuwa kaketi sakafuni miguuni pake anafanya homuweki. Nikachukua kitana.

"Sodiamu."

Akaenda. Hakukosea hata kimoja, na Upendo aliporuka fosforasi akimfuatisha, alimgonga kichwani kwa kidole: rudi nyuma. Tulicheka. Akafika klorini, akakunja kidole chake, akatulia.

"Na wa mwisho, mama?"

"Wa mwisho ni klorini."

"Baada ya klorini. Yule wa Houston."

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye ninayesahau. "Baada yake hakuna mtu, dada. Wameisha."

Nikajaribu Lameki. Nikajaribu mwanao wa kwanza, mama, yule wa kukariri barazani. Nikataja Kihonda, nikataja mpapai. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu tu, kama unavyomsikiliza mteja anayesimulia mambo ya ndugu zake. Basi nikafanya lisilofanyika nyumbani kwetu. Nikamshika mikono yote miwili, nikalitamka, kwa sauti.

"Agoni, mama! Agoni!"

Uso ukabadilika. Macho yakawa makali, yale ya barazani, nikadhani, Mungu wangu, amerudi, amempata. Akanyanyua mguu, akavua ndala.

"We dada! Mtoto amekaa hapa! Mambo ya ugoni unayasema mbele ya mtoto?"

Upendo aliangua kicheko, kisha akaniona uso, akainamia daftari lake. Mama alikuwa bado ameshika ile ndala. "Na huyo Lameki unayemtaja," akaniuliza, "ndiye anayekufundisha hayo matusi?"

Nikasema ndiyo, mama. Ndiye yeye.

Kwa hiyo ombi langu la juu, lile la kutaka uje, nimelitangua. Nimeliacha palepale ili watu waone kwamba lilikuwepo. Ukitaka kuja, njoo, barabara ni ileile. Usihofu, hutagombezwa na mtu. Mama ana heshima sana kwa wageni. Atakukaribisha kiti, atachukua utepe wake shingoni akupime kifua na mabega, atakuuliza suti ni ya harusi au ya kazini. Halafu atakuuliza jina lako, ajue mzigo ni wa nani. Hapo mtajie jina lolote la mtu mwema unayemfahamu. Lameki usilitaje, na lile la gesi usilitaje. Yote mawili, nyumbani kwa mama, sasa ni matusi.

Mdogo wako,
Sodiamu